Mwenye Heri Albert Joubert, Padri na Shahidi wa Fizi

Msafiri atokaye Uvira kwenda upande wa kusini hufuata pwani ya Ziwa Tanganyika. Mkono wa kushoto ana maji, mkono wa kuume ana milima. Hupita Makobola, hupita Mboko, hata afike Baraka, karibu na rasi ya Ubwari inayoingia ziwani kama mkono ulionyoshwa. Kutoka hapo njia huyaacha maji na kupanda mpaka Fizi, katika nchi ya Wabembe.

Katika misioni hizo mbili, Baraka na Fizi, watumishi wanne wa Mungu waliuawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964. Watatu walikuwa wageni waliotoka Italia: Bruda Vittorio Faccin, Padri Luigi Carrara na Padri Giovanni Didonè. Wa nne hakuwa mgeni. Mama yake alikuwa Mwafrika, naye alizaliwa katika nchi ya ziwa hili hili. Huyo ndiye Padri Albert Joubert. Tangu tarehe 18 Agosti 2024 Kanisa lamwita Mwenye Heri, pamoja na wenzake watatu. Yafaa basi wakatekumeni wayajue maisha yake, kwa maana wanaomba kupewa imani ile ile aliyoitunza hata kufa.

1. Baba na mama

Anayetaka kumjua mwana, na amjue kwanza baba. Léopold Joubert alizaliwa Saint-Herblon, katika nchi ya Ufaransa, tarehe 22 Februari 1842. Alipokuwa kijana alikwenda Roma kujiunga na askari waliomlinda Papa, akapanda cheo hata akawa kapiteni. Mwaka 1870 mji wa Roma ulitekwa, na kazi ya askari wale ikaisha. Miaka kumi baadaye Askofu Mkuu Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, alitafuta watu wa kuwalinda wamisionari wake katika bara la Afrika. Kapiteni Joubert alikubali. Mwaka 1880 akaja Tanganyika.

Siku zile nchi za kando ya ziwa zilikuwa katika huzuni kubwa. Wafanya biashara ya watumwa walivuka maji, wakachoma vijiji, wakawafunga watu minyororo na kuwapeleka Ujiji, na kutoka huko mpaka pwani ya bahari. Mapadri Weupe walifungua misioni kule Masanze, halafu Kibanga, si mbali na Ubwari, wakawakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Lakini hatari haikuwa mbali. Mwezi wa Mei 1881, ng'ambo ya ziwa kule Rumonge, Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao d'Hoop waliuawa. Joubert aliona basi mapema kwamba anayemtumikia Mungu katika nchi hii aweza kuulipia utumishi wake kwa damu.

Yeye alikuwa askari, na kazi yake ilikuwa kulinda. Mwaka 1887 alifika Mpala, upande wa kusini zaidi. Aliwafundisha vijana wa huko kuvilinda vijiji vyao, akazuia mashambulio ya wawinda watumwa. Baadaye akajenga kijiji cha Mtakatifu Ludoviko huko Mrumbi, na watu wengi waliokimbia minyororo walimkimbilia. Bunduki yake haikuwa ya kutafuta mali. Ilikuwa ukuta wa wanyonge katika nchi isiyokuwa na ukuta mwingine.

Tarehe 13 Februari 1888 kapiteni alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke Mwafrika. Jambo hili latakiwa kuangaliwa vizuri. Wazungu wengi wa nyakati zile waliwachukua wanawake wa nchi pasipo ndoa, na walipochoka waliwaacha pamoja na watoto wao. Baadaye serikali ya ukoloni iliwatenga wengi wa watoto hao na mama zao. Joubert hakufanya hivyo. Alisimama na Agnes mbele ya altare, akamwahidia uaminifu mbele ya Mungu, akautunza mpaka siku ya kufa kwake. Hakurudi tena Ulaya. Mungu aliwajalia watoto wengi, na wawili katika hao, Albert na Jean, waliitwa kuwa mapadri.

Albert alizaliwa Mrumbi tarehe 18 Oktoba 1908, wakati baba yake alipokwisha kutimiza miaka 66. Basi mtoto huyu hakumjua kapiteni mwenye nguvu wa zamani aliyewakabili wawinda watumwa. Alimjua mzee mwenye ndevu nyeupe, mtu wa sala, ambaye katika uzee wake alipofuka macho. Kapiteni Joubert alikufa tarehe 27 Mei 1927, karibu na Moba, akiwa na umri wa miaka 85. Albert alikuwa na miaka 18. Baba hakuiona siku ya mwana kupanda altareni.

2. Kijana anaitwa

Upande ule wa Moba ulikuwa umepata neema kubwa. Tarehe 21 Julai 1917 Stefano Kaoze alipewa upadri huko, akawa padri wa kwanza mzalendo katika nchi yote ya Kongo. Albert alikuwa mtoto wa miaka minane. Tangu siku ile watoto wa nchi ile waliweza kuona kwa macho yao kwamba mtu aliyezaliwa kati yao aweza kusoma Misa takatifu na kuondolea dhambi kwa jina la Kristu.

Njia ya upadri ni ndefu. Katika miaka ile kijana alikaa seminari miaka mingi, akisoma lugha ya Kilatini, filosofia na teolojia, akijifunza kutii na kunyamaza. Wengi walianza na wachache walimaliza. Albert alidumu. Alipewa upadri tarehe 6 Oktoba 1935, alipokaribia kutimiza miaka 27.

Tangu hapo alikuwa padri miaka 29, akitumwa katika misioni mbalimbali. Kazi ya padri wa vijiji katika siku zile haikuwa na sifa machoni pa dunia. Padri aliamka kabla ya jua, akasoma Misa, akakaa katika kiti cha kitubio, akawafundisha wakatekumeni. Halafu alifunga mizigo, akaenda kuzunguka vijiji, akilala mahali alipofikia, akila ugali wa muhogo na ndagala kama wenyeji wake. Aliwabatiza watoto, akapatanisha watu wa ndoa, akawapaka wagonjwa mafuta matakatifu, akawazika wafu. Kesho yake alianza tena.

Mtu angeweza kudhani kwamba ushahidi wa Padri Albert ni ule wa dakika moja tu, mbele ya bunduki. Sivyo. Mtu hafi vizuri kwa ajili ya Mungu asipozoea kuishi kwa ajili yake. Miaka 29 ya Misa ya kila siku ndiyo iliyomtayarisha kwa jioni moja ya Fizi.

3. Jimbo la Uvira

Mwaka 1958 wamisionari wapya walifika Uvira. Walikuwa Waksaveri, shirika lililoanzishwa Parma, Italia, mwaka 1895 na Askofu Guido Maria Conforti, ambaye sasa ni Mtakatifu. Walipewa sehemu za Uvira na Fizi, wakaanza kujifunza Kiswahili na lugha za wenyeji. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru. Tarehe 16 Aprili 1962 Uvira ikafanywa jimbo, na Askofu wake wa kwanza alikuwa Danilo Catarzi, mmoja wa Waksaveri.

Katika jimbo hilo changa Padri Giovanni Didonè, kijana wa miaka thelathini na kitu, alisimamia misioni ya Fizi. Kule Baraka alikuwako Padri Luigi Carrara, aliyepewa upadri mwaka 1961 tu, pamoja na Bruda Vittorio Faccin. Wote watatu walikuwa vijana. Mwaka 1964 Padri Albert alikuwa Fizi pamoja na Padri Didonè. Katika hao wanne yeye ndiye aliyekuwa mzee: alikuwa na miaka 55, na nchi ile ilikuwa kwao.

Yafaa kufikiri jinsi walivyoishi pamoja. Mkubwa wa misioni alikuwa kijana mgeni, na padri mzee, mtoto wa ziwa, alifanya kazi naye nyumba moja. Mwenye kiburi angeona uchungu, lakini katika Kanisa cheo ni utumishi. Yezu mwenyewe aliwaosha wafuasi wake miguu.

4. Mwaka wa mateso

Baada ya uhuru nchi ya Kongo haikupata amani. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, aliuawa mwezi wa Januari 1961. Watu wa vijijini waliambiwa kwamba uhuru utawaletea shule, barabara na mishahara, lakini wengi waliona njaa na ukali wa askari. Hasira ilijaa mioyoni. Hapo wakatokea viongozi waliowaita vijana wachukue silaha. Katika mashariki ya nchi vijana hao walijiita Simba. Tarehe 15 Mei 1964 waliuteka mji wa Uvira, na baada yake nchi ya Fizi na Baraka ikawa mikononi mwao.

Si haki kusema kwamba kila kijana aliyejiunga nao alikuwa mtu mwovu. Wengi walikuwa watoto wa vijijini waliodanganywa katika uchungu wao, na wengine walikuwa wamebatizwa. Lakini hasira isiyotawaliwa haina macho. Iliwageukia wenye kusoma, watumishi wa serikali, wageni, mwisho ikawageukia mapadri, mabruda na masista.

Simba walikuwa na jambo lingine linalofaa kuelezwa kwa wakatekumeni. Kabla ya kwenda vitani, mganga aliwanyunyizia maji yenye dawa. Waliambiwa kwamba risasi za adui zitageuka maji na hazitawaingia mwilini, wakishika miiko yote waliyopewa. Wakiingia vitani walipiga kelele wakitaja maji hayo na jina la Mulele, kiongozi wa vita upande wa magharibi. Vijana wengi sana walikwenda mbele ya bunduki wakiyategemea maji yale, wakaanguka. Na kila mara walionusurika waliambiwa kwamba waliokufa walivunja mwiko.

Kule Uvira Askofu Catarzi, mapadri na masista walizuiliwa na waasi miezi mingi. Waliokolewa tarehe 7 Oktoba 1964 jeshi la serikali lilipouingia mji. Lakini jeshi halikufika Fizi wala Baraka. Huko wamisionari walibaki chini ya waasi, pasipo habari ya hakika kutoka kwa Askofu wao, pasipo kujua kama kesho watakuwa wazima. Waliendelea kusoma Misa, kuungamisha na kuwahudumia Wakristu waliokaa karibu nao kwa hofu.

Katikati ya siku hizo za giza jambo la furaha lilitendeka mbali sana. Tarehe 18 Oktoba 1964, mjini Roma, Papa Paulo wa Sita aliwaandika Mashahidi 22 wa Uganda katika hesabu ya Watakatifu. Siku ile ile Padri Albert alitimiza miaka 56. Mashahidi wale walifundishwa dini na Mapadri Weupe, ndugu wa wale waliomleta kapiteni Joubert Tanganyika. Katika siku ile Afrika ilionyeshwa mbele ya dunia yote kuwa nchi ya mashahidi. Baada ya siku 41 hesabu ya mashahidi wake iliongezeka.

5. Tarehe 28 Novemba 1964

Tarehe 24 Novemba askari Wabelgiji walishuka kwa miavuli katika mji wa Stanleyville, uitwao sasa Kisangani, ili kuwaokoa watu waliozuiliwa na waasi. Habari hiyo ilipoenea, hasira ya waasi iliwaka zaidi katika sehemu zote walizozishika. Hatari ya wamisionari wa Fizi na Baraka ikawa kubwa kuliko mbele.

Tarehe 28 ilikuwa Jumamosi. Kesho yake Kanisa lilikuwa linaanza majilio, wakati wa kumngojea Bwana. Kule Baraka Padri Carrara alikuwa katika kitubio, akiwaungamisha watu. Saa nane za mchana gari la waasi lilisimama mbele ya misioni. Mkubwa wao alimwamuru Bruda Vittorio apande garini. Bruda alikataa. Akapigwa risasi, akafa pale pale.

Padri Carrara alisikia mlio, akatoka kanisani. Aliamriwa naye apande. Alipomwona ndugu yake amelala katika damu, alikataa kumwacha: alitaka kufa pamoja naye. Alipiga magoti karibu na maiti, akauawa akiwa hivyo. Bruda Vittorio alikuwa na miaka 30, Padri Luigi miaka 31.

Gari likageuka, likapanda njia ya milimani kwenda Fizi. Lilifika jioni. Padri Didonè alisikia mlio wake, akaenda kufungua mlango. Alipowaona watu wenye silaha alifanya ishara ya msalaba. Wakampiga risasi ya kichwa, akaanguka. Alikuwa na miaka 34.

Baada yake akauawa Padri Albert. Alipigwa risasi ya kifua. Hivyo jioni ile ya kuingia majilio, padri aliyezaliwa kando ya ziwa, mtoto wa kapiteni na wa Agnes Atakaye, alimrudishia Mungu roho yake.

Siku tatu baadaye, tarehe 1 Desemba 1964, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro na waasi hao hao, kwa sababu alikataa kuuvunja usafi aliomwahidia Mungu. Naye Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri tarehe 15 Agosti 1985.

6. Baba mwenye bunduki na mwana asiye na kitu

Sasa na tuangalie mambo mawili yaliyo wazi katika habari hii.

Jambo la kwanza ni baba na mwana. Kapiteni Joubert alilinda watu kwa bunduki, naye alifanya vizuri, kwa maana watoto walikuwa wakichukuliwa utumwani, na mwenye nguvu hana ruhusa ya kutazama tu mnyonge akiibwa. Kwa kazi hiyo watu wengi walipona. Mwana wake alikuwa na kazi nyingine. Padri hana bunduki. Mbele ya watu wenye silaha Padri Albert hakuwa na kitu mkononi, wala ukuta wa kujificha. Alikuwa na ukaaji wake tu: alikuwako mahali alipotumwa, pamoja na mwenzake na Wakristu wake.

Je, nani katika hao wawili alilinda kitu kikubwa zaidi? Baba alilinda miili ya watu. Mwana alilinda imani yao. Kama wachungaji wote wangalikimbia siku ile mbwa mwitu alipokuja, kundi lingalisema moyoni kwamba dini ni neno la siku za amani tu. Yezu alifundisha kwamba mtu wa mshahara huwaacha kondoo, lakini mchungaji mwema hutoa uzima wake kwa ajili yao. Wakristu wa Fizi walifundishwa neno hilo kwa mdomo miaka mingi. Jioni ile waliliona.

Jambo la pili ni maji. Maji ya mganga yaliahidi kwamba risasi haitaingia, na ahadi hiyo ilikuwa uongo. Maji ya Ubatizo hayaahidi hivyo. Padri Albert alibatizwa, na risasi iliingia kifuani mwake. Mkatekumeni anayedhani kwamba Ubatizo ni dawa ya kuzuia ugonjwa, njaa, uchawi au vita, anangojea maji ya mganga, siyo maji ya Kristu. Siku taabu itakapomfikia atasema kwamba Mungu amemdanganya, naye ataiacha dini.

Ubatizo unaahidi kitu kingine. Unaahidi kwamba aliyeoshwa ni mtoto wa Mungu, akiwa katika amani au katika vita, akishiba au akifunga njaa. Unaahidi kwamba kifo hakitakuwa na neno la mwisho juu yake, kwa sababu amezikwa pamoja na Kristu na atafufuka pamoja naye. Risasi yaweza kuingia mwilini. Haiwezi kuingia mahali Roho Mtakatifu anapokaa, ikiwa mtu mwenyewe hakufungua mlango kwa dhambi. Hili ndilo tumaini la Mkristu. Mganga huahidi mengi kwa bei ndogo, na siku ya vita hana cha kutoa. Kristu aliwaambia wafuasi wake mapema kwamba watachukua msalaba. Hakumdanganya mtu.

Wengine huuliza kwa nini Mungu hakuwaokoa watumishi wake, hali alimwokoa Askofu wa Uvira mwezi mmoja na nusu kabla yake. Jibu lote liko mikononi mwa Mungu mwenyewe. Lakini Mkristu ajua hili: Mungu Baba hakumwokoa Mwanawe msalabani, naye hakumpenda Mwanawe kidogo. Askofu alipewa miaka ya kulijenga tena jimbo lake, na mapadri wa Fizi walipewa taji. Wote walikuwa mikononi mwa Mungu, aliyeokoka na aliyekufa.

7. Baada ya kifo chake

Waasi waliishika nchi ya Fizi mpaka mwaka 1965. Watu wengi walikuwa wamekimbilia milimani au ng'ambo ya ziwa. Mtu angeweza kusema kwamba Kanisa limekwisha katika pwani ile. Halikuisha. Mapadri walirudi, makatekista walikusanya tena watu, na wenye kubatizwa wakaongezeka.

Mateso mengine yalifuata. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viliingia nchi hiyo kwa ukali mkubwa. Mwezi wa Agosti 1998 waliuawa watu wengi sana Kasika, katika jimbo la Uvira, pamoja na padri na masista. Kufika mwanzo wa mwaka 1999 Makobola nayo ilijaa maombolezo. Katika miaka hiyo yote Wakristu wa Baraka na Fizi waliwakumbuka wafu wao wa mwaka 1964, wazee wakiwasimulia watoto.

Kanisa halina haraka. Lilikusanya ushahidi, likauliza, likapima, ili lijue kama hao wanne waliuawa kweli kwa sababu ya imani yao. Tarehe 14 Desemba 2023 Papa Fransisko alikubali kwamba kifo chao ni ushahidi wa imani. Tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alifika Uvira kwa jina la Papa, akawatangaza kuwa Wenye Heri mbele ya umati wa waamini. Mji ule ule uliotekwa mwaka 1964 uliimba sifa za wale waliofikiriwa kuwa wameshindwa.

Maana ya kuitwa Mwenye Heri ni hii: Kanisa linasema kwa hakika kwamba mtu huyo yuko mbinguni karibu na Mungu, na kwamba watu wa nchi yake waweza kumheshimu altareni na kumwomba awaombee. Hatumwabudu, kwa maana Mungu peke yake huabudiwa. Lakini kama vile mtoto amwombavyo kaka aliyekwisha kufika kwa baba amsemee neno, ndivyo Wakristu wanavyowaomba Wenye Heri na Watakatifu.

8. Mafundisho kwa wakatekumeni

Mkatekumeni na ayashike mambo matatu katika maisha ya Padri Albert.

La kwanza, imani hupokelewa nyumbani. Kapiteni na Agnes walifunga ndoa ya kweli na kuitunza, na kutoka nyumba hiyo walitoka mapadri wawili. Anayejitayarisha kubatizwa na kufunga ndoa asidhani kwamba nyumba yake ni kitu kidogo. Hajui Mungu atamtoa nani ndani yake.

La pili, uaminifu mkubwa hujengwa kwa uaminifu mdogo. Sala ya asubuhi isiyoachwa, Misa ya Jumapili kwa miguu siku ya mvua, mafundisho yasiyokosekana, deni lililolipwa, ugomvi uliosamehewa kabla ya kulala: hayo ndiyo mazoezi ya mashahidi. Mtakatifu Kizito wa Uganda alikuwa mkatekumeni kijana sana alipobatizwa na Karoli Lwanga, tarehe 26 Mei 1886, wakati wa hukumu, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Alikuwa Mkristu kwa siku nane tu. Lakini kabla ya Ubatizo alikuwa amekwisha kujifunza kupenda.

La tatu, kusamehe. Katika nchi ya Fizi wajukuu wa waliouawa na wajukuu wa walioua huteka maji kisima kimoja na hupiga magoti katika kanisa moja. Damu ya mashahidi haidai damu nyingine. Yezu aliwaombea waliomsulibisha, na mwenye kutaka Ubatizo akiwa na kisasi moyoni bado hajamjua anayetaka kumvaa.

Usiku ziwani taa za wavuvi wa ndagala huonekana kutoka pwani. Mawimbi huzipandisha na kuzishusha, na mara nyingine mtu wa nchi kavu hudhani zimezimika, kumbe wimbi tu limezificha. Ndivyo ilivyo imani ya Wakristu wa pwani hii tangu siku za Masanze na Kibanga. Mwenye Heri Albert Joubert awaombee wakatekumeni wote wa Uvira, Baraka na Fizi, ili waibebe taa hiyo pasipo hofu hata wafike bandari.